Tupeane uzoefu: umri wako na mambo ya nyumbani vilikubeba au vilikuangusha kwenye sayansi?

Babu wa Form One
Wakuu, habari za jioni. Dogo kaleta ripoti jana, fizikia F, kemia F. Nikataka kufoka, nikajikumbuka.

Mimi Meatu hiyo, huko Simiyu, darasa la kwanza nimeanza na miaka 10 kwa sababu ng'ombe walikuwa hawana mtu mwingine. Form One nikaingia na 17, ndevu zinachungulia, wenzangu wana 13. Wakaniita Babu. Umri ulinisaidia kitu kimoja: sikuhitaji kusukumwa. Kilichoniumiza ni aibu. Hesabu za sehemu za shule ya msingi zilinipita, sasa unaanzaje kuuliza robo na theluthi mbele ya watoto?

Form Three, Februari, palizi ya pamba. Mzee akatuma mtu shuleni: kijana anahitajika. Wiki mbili. Narudi, ubao mzima ni moli, kile kipimo cha kiasi cha dutu kwenye kemia, na moli ni uwiano mtupu. Nikatoka na D ya kemia. Leo nina duka la pembejeo, kutwa nawapigia wakulima hesabu ya mililita ngapi za dawa kwa pampu ya lita 15. Uwiano ule ule!

Na ninyi je?

Mtoto wa Fundi
Dah, umenikumbusha mbali. Baba alikuwa fundi redio, Tabora. Hatukuwa na kitu, mlo mmoja siku nyingine, lakini nikiwa na miaka tisa nilikuwa nashika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na kujua rezista imekufa au nzima. Mwalimu alipoandika V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) nikaona kumbe ndiyo kazi ya baba, imepewa herufi. Fizikia nikapata B. Baiolojia sasa, usiulize.

Ndiyo maana mtu akisema "familia maskini, mtoto hawezi sayansi" namuuliza: maskini wa nini?

Mdogo Kuliko Wote
Mimi kinyume chenu. Wazazi wote watumishi wa afya, umeme upo, vitabu vipo. Nikarushwa darasa, Form One na miaka 11. Kukariri nilikuwa hatari. Lakini maabara nilikuwa nasimama juu ya kreti ya soda ili nione bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea asidi, na Form Three mambo yalipotaka kufikiri badala ya kukariri, nikazama. Nyumbani ilikuwa ni PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au PCB. Nikaenda HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza), mama hakuniongelesha karibu mwezi.

Mama Kandideti
Niliacha Form Three kwa ujauzito, enzi hizo hakuna kurudi (ruhusa imekuja Novemba 2021). Nikarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, miaka 27, mtoto mgongoni. Form Two nilishafaulu, hivyo QT, ule mtihani wa kufuzu kwanza, haikunihusu. Kusoma hakukunishinda, akili ya ukubwani imetulia. Shida ni praktiko, yaani mtihani wa vitendo: kituo chetu cha tuisheni kilikuwa chumba na mabenchi, maabara tunaisikia tu. Pipeti, ule mrija wa kupimia kimiminika, nimeishika mara ya kwanza wiki mbili kabla ya mtihani, shule moja iliyotukubalia kwa kulipia. Nikavuta kwa mdomo, nikavuta sana, soda ya maabara (siyo ya kunywa) ikaingia mdomoni. Inateleza ulimini kama sabuni. Nikatema, wote wakacheka, nikavuta tena. Nikadondosha asidi tone kwa tone, ile njano ya kiashiria ikageuka chungwa. Nilipiga kelele kama mtoto.

C ya kemia, jamani. Naitunza hiyo karatasi kuliko cheti cha ndoa.

Kichwa Ngumu
Visingizio. Mbona wengine walisomea koroboi na wakatoboa?

Mwl. wa Kata
Kichwa Ngumu, waliotoboa unawajua kwa sababu walitoboa. Miaka 14 nafundisha kemia shule ya kata. Ada imefutwa tangu 2016 na watoto wamejaa, ila anayelala njaa bado analala njaa. Nilikuwa na binti anasinzia kipindi cha kwanza kila siku. Nikampigia kelele wee, hadi siku moja nikapita kwao saa 11 alfajiri nikamkuta kisimani na ndoo tatu. Nikahamishia kemia kipindi cha baada ya uji.

Babu, huyo dogo wako jioni anafanya nini?

Babu wa Form One
Mwalimu, umenishika. Dukani. Anafunga yeye, saa tatu usiku.