Kwenu nyama ilikuwa siku gani? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Katuba: Jana mke wangu kanikamata tena. Bukari (ugali) imeisha, vipande viwili vya nyama bado viko pembeni ya sahani. "Unamuwekea nani?" Simuwekei mtu. Kwetu tulikuwa tisa, nyama ni Jumapili, na sheria ni moja: mboga kwanza, nyama mwisho. Ukiiwahi, bukari unaisukuma na maji. Leo niko na miaka 46, frigo (friji) imejaa, mkono unafanya vile vile. Ninyi je?

Yaya Kadutu: Sisi Bukavu, Noeli na Bonane, mwaka mpya. Siku zingine sombe, majani ya muhogo, na sambaza, dagaa wetu.

Kapita: Kabisa.

Mama Mapacha: Na firigisi? Ya papa tu, baba wa nyumba! Nilionja ya kwanza nikiwa kwangu. Kumbe ni hii tu?

Bwana Posho: Sisi wa kambi ya mgodi, hapa Lubumbashi, tulijionaka watoto wa wakubwa. Papa alirudi na posho: unga, mafuta, samaki wa chumvi, nyama. Halafu posho ikaanza kukatika. Oktoba 1991, watu wakapora mji. Majirani wakarudi wamebeba nyama mabegani, damu inachirizika mpaka mgongoni. Ya kuweka wapi? Kambi nzima ikawa moshi siku tatu. Papa akafunga mlango: "Nyama ya wizi haiingii humu." Tukala matembele na harufu ya moshi wa majirani. Usiku wa pili naamka kunywa maji, namkuta mama jikoni gizani, anatafuna. Tukaangaliana. Akanikatia kipande, akaweka kidole mdomoni. Papa kafa hajui. Mpaka leo nyama ya kuchoma naila nimesimama.

Kapita: Eeh, mama!

Ndizi Mbivu: Kwa hiyo mama alipora?

Bwana Posho: Pima ulimi. Jirani alimpa.

Ndizi Mbivu: Nilicheka tu, mukubwa.

Mama Mapacha: Mama ya mtu hachekewi.

Kijana wa Birere: Turudi. Yaya, sambaza si nyama.

Yaya Kadutu: Ni majani? Walitolewa ziwa Tanganyika, wakatiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 50, ndio walitukomaza. Hata ninyi wa Goma.

Kijana wa Birere: Ni samaki. Nyama inatoka malishoni Masisi, inatembea kwa miguu.

Mama Mapacha: Mtoto wa Katuba, anza na nyama wiki moja tu, utapona.

Mke wa Pili wa Bukari: Usimsikie. Bwana yangu nilimlazimisha hivyo, sasa anaificha chini ya bukari, nikiosha sahani ndiyo naikuta.

Kapita: Lete hiyo sahani kwangu.

Mtoto wa Katuba: Leo nimeanza na nyama. Nikainua macho: mtoto wangu wa mwisho, miaka sita, vipande viwili pembeni ya sahani. Huyu hajakosa nyama hata wiki moja.

Bwana Posho: Muache.

Kijana wa Birere: Sambaza bado si nyama.