Shiohigari (kuchimba kombe ufukweni maji yakipwa) Yokohama: twende siku gani, na mchanga wa asari unatolewaje?

Mgeni_Kanto: Wakuu, Aprili tunataka kwenda kuchimba asari, wale kombe wadogo, pale bustani ya pwani ya Umi no Kōen, Yokohama, Japani. Siku ipi inafaa na tubebe nini? Halafu mchanga wa ndani unatokaje? Nasikia wengine hula huku wakitafuna changarawe.

Maji_Makavu: Mkuu, angalia mwezi kwanza, likizo baadaye. Nenda bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, au siku mbili tatu zinazofuata. Maji mafu, yaani siku yanapopwa kidogo tu, utakuta eneo dogo sana la kuchimba. Msimu ni masika yao kwa sababu wakati huo Ghuba ya Tokyo hupwa sana mchana. Majira ya baridi hupwa hivyo usiku.

Anza kama saa mbili kabla ya maji kufika chini kabisa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Chimba sentimita 5 hadi 10 tu. Ukimpata mmoja usihame, wenzake wako hapohapo. Kiingilio hakuna, ila masharti yapo: reki iwe na upana chini ya sentimita 15, mtu asizidishe kilo 2, na wasiozidi sentimita 2 warudishwe.

Jiko_la_Pwani: Mchanga sasa. Lita 1 ya maji, gramu 30 za chumvi. Ukitumia maji matupu ya bomba wanajifunga, hawatemi kitu. Bora zaidi ubebe maji ya bahari kwenye chupa.

Wapange safu moja juu ya wavu ndani ya sinia, ili wasivute tena mchanga walioutema. Maji yawafikie mgongoni tu. Wakirundikwa kwenye ndoo yenye maji mengi hukosa hewa, na mmoja akifa huchafua wote. Funika kwa gazeti, waache saa tatu au zaidi. Kisha watoe majini saa moja wateme chumvi, usugue maganda. Aliyeachama na hafungi ukimgonga, tupa.

Bandari_7: Nyongeza: soma kwanza tangazo la mkoa kuhusu sumu ya kombe. Inatokana na vijimea vidogo vya baharini na haiondoki kwa kuchemsha. Na usichimbe ufukwe wowote tu, maana sehemu nyingi asari ni haki ya chama cha wavuvi, na faini hufika yeni milioni 1.

Mgeni_Kanto: Njiani kurudi je, kwenye maji?

Jiko_la_Pwani: Hapana, bila maji. Boksi la baridi, gazeti bichi juu, barafu isiwaguse.