Jaguar E-Type 1/24, rangi imetoka kama ganda la chungwa

Fundi_Mchanga:
Wakuu naombeni msaada, naunga modeli ya plastiki ya gari Jaguar E-Type ya 1961, skeli ya 1/24 (yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi), nimepuliza rangi nyekundu ya kopo juu ya praima (rangi ya msingi) ya kijivu ila imekauka na vidonge vidonge, na vile vitundu vya hewa vya kwenye boneti vimeanza kuziba kabisa. Nifute yote nianze upya au kuna namna? Halafu zile rimu za spoki zina kromu inang'aa sana mpaka zinaonekana za mchezo wa watoto.

Msasa2000:
Usifute mkuu. Iache ikauke kabisa hata wiki, kisha piga msasa wa maji namba 2000 taratibu, kingo usiziguse maana pale rangi hukwanguka mpaka plastiki. Mara nyingi ni kwamba umepuliza kwa mbali sana, rangi inakauka hewani kabla haijafika. Loweka kopo la rangi kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, ndo upulize tabaka nyembamba nyembamba. Vitundu vichokonoe kwa sindano.

Bi_Spoki:
Kromu inatoka kwa kuloweka kwenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, vaa glavu na fungua madirisha. Ukishapaka fedha iliyofifia, pitishia nyeusi nyepesi katikati ya spoki, utazipenda mwenyewe. Na vioo usigandishe kwa supaglu jamani, mvuke wake unaacha ukungu mweupe, tumia gundi nyeupe ya mbao.

Fundi_Mchanga:
Asanteni sana, kumbe nilikuwa napulizia mbali kweli. Naloweka rimu leo leo.