Popo wa Pemba: mfadhili anataka kurasa 30

MkaaWete: Wadau, salaam. Shamba la marehemu babu lina mivule mitatu, popo wamerudi kulala. Asubuhi chini panateleza kwa kinyesi, mabaki ya maembe yametapakaa. Tuna kikundi cha watu tisa cha kuwalinda. Mfadhili yupo, ila anataka mchanganuo wa kurasa 30 na pesa ziishe ndani ya miezi 12. Popo mwenyewe anazaa kitoto kimoja tu kwa mwaka! Tufanyeje?

BiKarafuu: Mwanangu, nenda Kidike, ile hifadhi ya popo hapa Pemba, ukawaulize. Miaka ya 1990 popo hawa nusura waishe, kwa bunduki na shoka. Leo pale mgeni analipa kiingilio kuwatazama.

KwetuGazi: Huku Kwale, Kenya, mradi wa wanakijiji wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, unauza kaboni, yaani hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, ya hekta 117 za mikoko, na wanakijiji ndio huamua pesa ziende wapi: maji au shule. Muulize huyo mfadhili kama atalipa posho ya mlinzi. Wengi hugharamia semina na fulana basi.

MkaaWete: Fulana tushaletewa. Hamsini. Na sisi, kama nilivyosema, tuko tisa.