Naomba ushauri: Kifaransa kiwe lazima kwa shule ya mpakani Mpondwe?

Habari zenu, ndugu walimu na wazazi. Bodi ya shule yetu ya sekondari, upande wa Kasese, Uganda, inataka kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza asome Kifaransa kwa kuwa tunapakana na Kongo.

Ugumu uko kwenye ratiba. Mtaala wa 2020 una masomo 11 ya lazima kidato cha kwanza na cha pili, Kiswahili kikiwemo, na nafasi moja tu ya somo la kuchagua. Kifaransa kikichukua nafasi hiyo, mtoto anakosa kilimo au kompyuta. Kwa watoto wa wakulima wa kahawa, hilo linaniuma kweli.

Tena, sokoni Kasindi, upande wa Kongo, watu hununua na kuuza kwa Kiswahili, ingawa cha kwao kina ladha yake. Kifaransa kinahitajika kwenye makaratasi: fomu za forodha, risiti, barua za ofisi.

Tulijaribu klabu ya Kifaransa mara mbili kwa wiki baada ya masomo. Wanaotembea mbali waliacha kwanza. Mwalimu tuliyempata kutoka ng'ambo ya mpaka anakimudu vizuri, lakini hajasajiliwa kufundisha Uganda.

Naomba kuuliza: kuna shule iliyofaulu kufundisha Kifaransa cha makaratasi tu, bila kukifanya somo la mtihani, na ilitenga vipindi vingapi? Na mwalimu wa Kongo husajiliwa kwa hatua zipi?