Siku ya wafanyakazi kwa jamii kwenye mfuko wa bima ya afya: tuipangeje ifae kijiji bila kuwachosha watumishi?

UyoleKati:
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaoijua mifuko ya bima ya afya isiyo ya faida. Mfuko una wafanyakazi wapatao 40, makao Mbeya mjini, madawati Tukuyu, Vwawa na Makambako. Bodi imepitisha kila mtumishi atumie siku 2 kwa mwaka kuhudumia jamii. Mapendekezo ni matatu: kupima shinikizo la damu na sukari vijijini, kuchangia damu, na kukarabati zahanati. Lipi lianze? Tutumie Jumamosi au siku za kazi? Watu wa kitengo cha madai (wanaokagua fomu za zahanati zinazoomba malipo) wanasema hii ni kazi ya uandikishaji, wao wanabebeshwa tu, wajibiweje? Na je, ni sawa kuandikisha wanachama wapya palepale kwenye upimaji?

GataNaSimtank:
Mkuu, anzeni na madai yenu wenyewe. Mfuko wa bima unajua mambo ambayo mgeni mwingine hayajui: zahanati ipi hujaza madai ya kuhara kwa watoto mvua zikianza, ipi hutoa rufaa nyingi za shinikizo. Chukueni madai ya miezi 12, yapangeni kwa kituo na kwa ugonjwa, majina ya wagonjwa yaondolewe kabla karatasi haijatoka kitengoni. Kisha nendeni kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati mkaulize wanakosa nini. Kama madai ni ya kuhara na zahanati haina maji, kwenda kupima sukari pale ni kupoteza siku.

Kwa Rungwe, wilaya ya Tukuyu, jibu mara nyingi ni maji ya bati, yaani mvua inayokingwa kutoka paani. Hesabu yake ni hii: bati lenye eneo la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 600, ondoa kama asilimia 20 inayomwagika, zinabaki lita 480. Simtank (tanki la plastiki) la lita 2,000 likijaa lina uzito wa tani 2, kwa hiyo kitako kiwe cha zege, si matofali yaliyopangwa juu ya udongo. Mvua ya Tukuyu hulainisha ardhi, kitako kinainama, tanki linapasuka kwenye maungio ya bomba. Gata ziwe na mteremko kidogo kuelekea kwenye bomba, maji ya mwanzo ya kila mvua yaelekezwe nje kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege, na mdomo wa tanki uwe na wavu wa kuzuia mbu. Maji hayo ni ya kunawa, kudeki na choo. Ya kunywa yatibiwe.

Rangi iacheni hadi kiangazi. Rungwe mvua hufika hadi Mei, na rangi ikipakwa kwenye ukuta wenye unyevu inavimba na kubanduka. Lipu mpya nayo inataka kama wiki 4 ikauke kwanza.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Msiingie kijijini kwa simu ya mhudumu mmoja wa zahanati, mtamponza.

Sindano_Salama:
Naongeza kwenye upimaji, maana ndipo taasisi nyingi zinapoharibu. Shinikizo la damu halipimwi mtu akitoka kupanda mlima. Akae dakika 5 ameegemeza mgongo, miguu chini bila kuikunja nne, mkono kwenye meza usawa wa moyo, asiongee. Asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa kabla. Kitambaa cha mashine kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba inapanda bure. Pimeni mara mbili kwa kupishana dakika 1 au 2. Ukijumlisha na maelezo, mtu mmoja anakula kama dakika 12. Muuguzi mmoja kwa saa 6 anamaliza watu 30, basi. Mkitangaza mkutano wa watu 300 na mna wauguzi wawili, mtakimbizana na majibu yatakuwa ya uongo. Gaweni namba asubuhi kulingana na wauguzi waliopo, mkiishiwa mseme wazi.

Sukari: mashine nyingi za kidole hazifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi joto 10. Asubuhi ya Juni au Julai kule Makete na Njombe utaona zinaandika hitilafu tu. Anzeni saa 4, mashine na vipimo viwe ndani, si kwenye meza ya uwanjani. Kopo la vipimo lifungwe kila ukitoa kimoja, unyevu unaviharibu. Mtu anawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Aliyetoka kumenya ndizi mbivu atasoma juu. Kichomeo cha kutobolea kidole ni cha mtu mmoja, kinaingia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, na kisanduku kinateketezwa kwa utaratibu wa kituo cha afya, hakirudi Mbeya ndani ya gari la ofisi.

Wahasibu na madereva wasishike mashine wala kumwambia mtu majibu. Wanaweza kuandikisha namba, kupanga foleni, kupima uzito na urefu. Na lililo zito kuliko yote: aliyekutwa na shinikizo la 140/90 au zaidi apewe karatasi yenye vipimo vyake na tarehe ya kurudia zahanati. Mwenye 180/120 au zaidi na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja anapelekwa hospitali saa ileile, kwa hiyo gari moja lisiondoke eneo hilo. Ulizeni mapema kama zahanati ina dawa za shinikizo. Kumwambia mtu ni mgonjwa kisha akute kabati tupu ni kumtesa.

KitengoChaMadai:
Kuhusu muda: iwe siku ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku. Ziada inalipwa mara 1.5, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki inalipwa mara mbili. Jambo lililoamriwa na bodi si la hiari, ni kazi, hata mkiliita kujitolea. Saa za barabarani mzihesabu pia. Mbeya hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 150. Posho ya chakula itoke kabla ya safari.

Watu wa madai msiwape ufagio. Wawekeni karibu na tabibu wa zahanati wakati anajaza fomu. Wataona kwa nini fomu zinafika na jina lisilolingana na kadi, namba ya uanachama imepungua tarakimu, sahihi ya mgonjwa haipo, au dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa: mara nyingi mtu yuleyule anatibu, anagawa dawa na anaandika, huku foleni iko mlangoni. Wakirudi, wakae nusu saa kila Ijumaa na waandikishaji, wasome pamoja madai yaliyokataliwa wiki ile. Mwandikishaji akisikia dai limekataliwa kwa kuwa aliahidi huduma isiyomo kwenye kitita (orodha ya huduma ambazo mfuko unalipia), hatarudia. Utengano wa vitengo hivi viwili ndio unaoua utamaduni wa kazi kwenye mifuko, kuliko mishahara.

Tahadhari moja: anayekagua madai ya zahanati asipokee jogoo wala mkungu wa ndizi kutoka kwa watumishi wake. Zawadi ya kijiji ipokelewe mbele ya wote na kiongozi wa msafara, iandikwe.

Chupa_Moja:
Kamwene wakuu. Damu: ongeeni na kituo cha kanda cha Damu Salama kilichopo Mbeya, wao ndio wenye vifaa. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50. Mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Msirundikane tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambapo kila taasisi iko pale. Wanafunzi ni wachangiaji wakubwa, hivyo shule zikifungwa akiba inashuka. Wekeni siku yenu katikati ya likizo. Na bosi asisimame na orodha ya nani kachangia. Mtu anaweza kukataliwa kwa sababu ya afya ambayo si haki ya ofisi kuijua.

UyoleKati:
Asanteni sana, nimenakili yote. Lile la kuandikisha palepale halijajibiwa, na wa masoko wanalishikilia.

AMCOS_Mbozi:
Mimi nalikataa, kwa sababu tatu. Aliyetoka kuambiwa ana sukari ndiye atakayelipa harakaharaka, jirani yake mzima ataondoka. Mfuko unabaki na wagonjwa watupu na michango haitoshi. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Daftari la upimaji haliwi orodha ya wateja bila ridhaa ya maandishi. Tatu, mhasibu mwenye fulana ya mfuko si wakala, asipokee fedha mkononi.

Tenganisheni siku. Andikisheni kwa vikundi, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) au VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kikundi kizima kiingie na wagonjwa wake na wazima wake. Watu walizoea CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ambapo kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa hiyo njooni na karatasi ya ukurasa mmoja inayoonyesha kitita chenu kinazidi wapi na kinapungua wapi. Majira nayo yana uzito: kwa wa mahindi nendeni baada ya mavuno, kuanzia Julai, kwa wa kahawa subirini AMCOS ilipe, na mwombe mkutano mkuu wa chama upitishe kwa kura makato ya mchango wa bima kwenye malipo ya kahawa, usiwe uamuzi wa mwenyekiti peke yake.