Pumba, majivu au plastiki: tofali gani kwa nyumba ya Morogoro?

Kihonda_Juu: Wakuu, habari. Nimeshachimba msingi wa vyumba vitatu huku Moro. Jirani kuna mashine ya kukoboa mpunga, pumba zinarundikwa tu. Naona njia tatu: tofali za udongo za kuchoma kwa pumba, bloku za saruji zenye majivu ya pumba, au tofali za plastiki kama za Gjenge Makers wa Nairobi. Mwenye uzoefu anisaidie.

fundi_tanuru: Ukuta, chukua za kuchoma. Mimi pumba naziweka mara mbili: kidogo kwenye udongo wakati wa kufyatua, nyingi kwenye tanuru badala ya kuni. Zile za ndani zinaungua tofali likiiva, zinaacha vitundu, tofali linakuwa jepesi na chumba hakichemki mchana. Ila tamaa mbaya. Mwaka juzi nilizijaza, tofali zikanywa maji na pembe zikamomonyoka zote. Likiiva, ligonge na mwenzake: lilie kama chuma. Likitoa "bu", weka pembeni.

mpima_zege: Za majivu nazo nzuri, lakini jivu na jivu hazilingani. Pumba zikiungua taratibu, chini ya nyuzi 700 hivi, silika yake, yaani madini kama ya mchanga, inashikana na chokaa inayotoka kwenye saruji. Zikipigwa moto mkali wa tanuru, silika inageuka fuwele, haishikani tena vizuri, na unabaki na kitu cha kujazia tu. Jivu jeusi ndiyo usiguse, lina kaboni na linakunywa maji ya mchanganyiko. Wahindi wamefika mbali na tofali za majivu, ila yao ni ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme. Wanachanganya na chokaa na jasi, au saruji, wanagandamiza na kumwagilia, hakuna kuchoma. Usikopi vipimo vyao ukatia pumba.

nondo12: Plastiki mbona mnairuka? Inasafisha mitaro jamani.

mpima_zege: Uani sawa. Ukutani hapana, inashika moto. Hata Gjenge ya Nzambi Matee inajulikana kwa tofali za kutandaza chini, plastiki na mchanga, vinapashwa joto na kugandamizwa. Na plastiki zina tabia tofauti: mifuko laini na madumu yanayeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 130 hivi, chupa za maji zinataka karibu 250. Kipande cha bomba la PVC kikiingia kwenye pipa, unavuta mvuke wa asidi. Usijaribu nyuma ya jiko.

nondo12: Dah. Nilishatafuta pipa.

Kihonda_Juu: Basi ukuta wa kuchoma, uani ningoje hela. Fundi, pumba kiasi gani?

fundi_tanuru: Dada, udongo wako siujui. Fyatua chache za majaribio: ndoo kumi za udongo kwa moja ya pumba, nyingine kwa moja na nusu, nyingine kwa mbili. Omba nafasi kwenye tanuru la mtu. Zikishapoa zipime, zilaze kwenye maji siku nzima, pima tena. Iliyoongezeka zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, pumba zimezidi.

Kihonda_Juu: Mizani ya dukani itafaa?

fundi_tanuru: Inafaa. Futa maji kwanza.